Je, ni nani hupanga bei ya hisa soko la Paris linapofunguliwa?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba asubuhi watu wa soko la hisa hukaa pamoja na kukubaliana: leo hisa hii tuanze na bei fulani. Namba hutokea kwenye skrini saa 3:00 kana kwamba kuna aliyeitamka. Hakuna aliyeitamka. Soko halinunui, haliuzi, wala halikadirii thamani ya kampuni. Hata pesa za mnunuzi haziendi kwa kampuni. Kampuni ilipata zake ilipouza hisa mpya, baada ya waraka wake wa matarajio, yaani maelezo yake kwa wanunuzi wa hisa, kuidhinishwa na AMF, mamlaka ya Ufaransa inayosimamia masoko ya fedha. Tangu hapo wenye hisa huuziana wenyewe.

Bei hutoka mnadani, na mnada wenyewe ni wa kimyakimya. Kabla ya saa 3:00, Euronext Paris, ndilo soko lenyewe, hupokea oda tu, yaani maagizo ya kununua na kuuza.

Chukulia ni magunia ya maharage, na kila mtu anatumbukiza karatasi kapuni. Mnunuzi mmoja anataka 10, hatazidisha shilingi 120,000 kwa gunia. Wa pili anataka 20, mwisho 110,000. Wa tatu 30, mwisho 100,000. Muuzaji mmoja ana 15, hashuki chini ya 90,000. Mwingine ana 20, kuanzia 100,000. Wa mwisho ana 30, kuanzia 110,000. Sasa jaribu kila bei. Kwa 90,000 yatauzwa magunia 15 tu. Kwa 110,000, 30. Kwa 100,000, 35. Bei inayouza mengi zaidi ndiyo hushinda, na wote hulipa hiyo hiyo: aliyekuwa radhi kutoa 120,000 analipa 100,000, na aliyeridhika na 90,000 anapokea 100,000. Mnunuzi wa tatu anaambulia magunia 5 yaliyobaki. Napenda sana hapo.

Baadaye oda hukutana moja moja: bei nzuri hutangulia, zikilingana, aliyewahi. Saa 11:30 jioni mnada hurudi kutafuta bei ya kufungia. Hisa zisizo na wanunuzi wengi huuzwa kwa minada pekee.

Zamani haya yalifanyika kwa kelele ndani ya Palais Brongniart, jijini Paris. Tangu Juni 2022, kompyuta zinazokutanisha oda hizo ziko Bergamo, Italia.