Nani Aliondoa Kinga ya Msumeno? Mambo Yanayoamua Usalama na Afya Kazini

Ajali ikitokea kazini, neno la kwanza kusikika ni uzembe. Fundi hakuvaa miwani, kibarua hakufunga mkanda, dereva alikuwa na haraka zake. Fomu ya taarifa inajazwa hivyo, faili linafungwa, na baada ya muda mtu mwingine anaumia palepale, kwa namna ileile. Sisi tunaofanya kazi ya ukaguzi hatuwezi kuishia hapo. Inabidi tuulize kwa nini mtu mwenye akili timamu, anayevihitaji vidole vyake, alifanya vile alivyofanya.

Chukua msumeno wa mviringo kwenye karakana ya useremala. Mashine hiyo hutoka kiwandani ikiwa na kinga inayofunika meno yake. Ukikuta imeondolewa, muulize fundi taratibu, bila kumtisha, naye atakueleza: unga wa mbao huijaza kinga, ikikwama lazima azime mashine na kuisafisha, na yeye analipwa kwa idadi ya vipande. Ukifuatilia zaidi unakuta mashine ya kunyonya vumbi imeharibika, na ombi la kuitengeneza limekaa mezani kwa mtu kwa muda mrefu. Msimamizi amepita hapo mara nyingi, ameuona msumeno uko wazi, akanyamaza kwa sababu mzigo unatakiwa kesho. Mkono ulioshika bisibisi ni wa fundi, lakini kinga ile iliondolewa na mfumo wa malipo, na matengenezo yaliyocheleweshwa, na ukimya wa msimamizi. Ukimfukuza fundi, atakayekuja baada yake ataiondoa tena.

Ndiyo maana nasema bila kusitasita kwamba kinachoamua zaidi usalama katika biashara yoyote ni kile ambacho uongozi unakilipia na kukisifia. Wafanyakazi wanajua kumsoma bosi. Kama kwenye kikao cha asubuhi swali la kwanza ni idadi ya bidhaa, na suala la usalama huibuka tu baada ya mtu kuumia, kila mmoja ameshaelewa kipi kina uzito. Meneja akipita eneo la ujenzi bila kofia ngumu, amefuta mafunzo ya wiki nzima.

Jambo la pili ni uelewa wa namna ya kudhibiti vihatarishi. Biashara nyingi zikisikia usalama, hukimbilia kununua vifaa kinga: glovu, barakoa, buti. Vina kazi yake, lakini katika mpangilio unaotambuliwa na wataalamu duniani kote vinakuja mwisho kabisa. Kwanza jiulize kama hatari yenyewe inaweza kuondolewa. Ikishindikana, badilisha kemikali kali kwa isiyo kali, kisha weka vizuizi kwenye mashine au mitambo ya kuvuta hewa chafu, kisha panga zamu, taratibu na mafunzo. Kifaa kinga humlinda aliyekivaa tu, tena kama kinamtosha na hakimzuii kufanya kazi. Miwani inayoingia ukungu huishia kupandishwa kichwani. Glovu, ukizivaa karibu na mashine inayozunguka, zinaweza kunaswa na kuuvuta mkono ndani.

Halafu kuna tatizo la macho yetu: tunaogopa kinachoonekana. Kwa makadirio ya Shirika la Kazi Duniani, ILO, yaliyotolewa mwaka 2023, karibu watu milioni 3 hufariki kila mwaka kutokana na kazi. Kati yao, takriban milioni 2.6 huuawa na magonjwa, na ajali huchukua wapatao 330,000. Hata hivyo bajeti na vikao hufuata ajali, kwa sababu damu haifichiki. Vumbi la mawe linalomletea mkata mawe silikosisi, ugonjwa wa mapafu, huweza kuchukua miaka kumi au zaidi kabla ya kumkosesha pumzi, na kufikia hapo pengine ameshahamia kwa mwajiri mwingine, hivyo yule wa kwanza haoni hasara yoyote. Kumwagia maji jiwe linapokatwa hupunguza sana vumbi hilo. Kelele nazo ni vivyo hivyo. Kama inakulazimu kupaza sauti ili mwenzako aliye umbali wa mita moja akusikie, huenda mahali hapo pamefikia desibeli 85, kiwango ambacho kwa saa nane kwa siku huanza kuharibu masikio. Usingoje mtu alalamike ndipo upime.

Uhuru wa kusema nao una uzito ambao waajiri wengi hawaukadirii sawasawa. Tarehe 23 Aprili 2013, nyufa zilionekana kwenye jengo la Rana Plaza huko Savar, Bangladesh. Benki na maduka ya ghorofa za chini yalifunga. Washonaji wa nguo waliamriwa kurudi kazini asubuhi iliyofuata, jengo likaporomoka, na zaidi ya watu 1,100 wakafariki. Hatari ilikuwa imeonekana na watu waliiogopa. Walichokosa ni nguvu ya kukataa bila kupoteza mshahara. Mkataba wa ILO namba 155 wa mwaka 1981 unataka mfanyakazi anayejiondoa kwenye hatari kubwa iliyo karibu, akiwa na sababu za msingi, alindwe asiadhibiwe. Unasema pia kwamba hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi chochote. Tangu Juni 2022, mazingira salama na yenye afya yamo miongoni mwa haki za msingi kazini.

Biashara ndogo zina ugumu wake: hazina afisa usalama, mkaguzi hafiki mara kwa mara, na mwenye biashara ndiye mhasibu na ndiye msimamizi. Zina nafuu moja pia, kwamba mwenye mali yuko pale pale na anaweza kubadilisha jambo siku hiyohiyo. Azingatie zaidi wafanyakazi wapya na vibarua wa mkandarasi, kwa sababu mwezi wa kwanza kazini huwa na hatari kubwa kupita miezi inayofuata.

Jambo la mwisho ni kumbukumbu. Zawadi zinazotolewa kwa siku nyingi bila ajali huwafundisha watu kuficha majeraha, na sizishauri. Afadhali msifu anayeripoti ajali za chupuchupu: tofali lililoanguka bila kumgusa mtu, ngazi iliyoteleza, waya uliomshtua mtu kidogo. Daftari la kawaida linatosha. Andika tarehe, mahali, kilichotokea, kilichorekebishwa, na jina la aliyepewa kazi ya kurekebisha. Tukija kukagua, safu hizo mbili za mwisho ndizo tunazozisoma kwanza.