Paka akichuchumaa bila kupata choo: tunayoambiwa mtaani na yaliyo kweli

Septemba iliyopita paka wangu jike, yule wa kijivu, alikaa siku tatu bila choo. Ni kipindi ambacho Dodoma yote ni vumbi na upepo. Alikuwa akitoka uani, anachimba mchanga, anachuchumaa huku mgongo umepinda, kisha analia kwa sauti nyembamba ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Siku ya tatu kikatoka kipande kimoja tu, kikavu kama mavi ya mbuzi, kina mchirizi wa damu. Majirani walinipa ushauri mwingi, wote kwa nia njema, na mwingi ungemdhuru.

Naanza na dhana inayoua haraka kuliko zote: kwamba paka yeyote anayejikamua amefunga choo. Si lazima. Mrija wa mkojo wa paka dume ni mwembamba sana. Ukizibwa na chembechembe au ute, atachuchumaa vilevile, atalia vilevile, na atarudi mchangani kila baada ya dakika chache. Mkojo usipotoka, madini ya potasiamu hupanda kwenye damu hadi moyo unashindwa, na paka anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Mtaani kwetu kuna dume aliyekufa hivyo, mwenye paka akisubiri apate choo. Kwa hiyo kabla ya jambo lolote kagua mchanga. Je, kuna mahali palipolowa? Kama hakuna, au anatoa matone tu na kujilamba sehemu za siri mfululizo, mpeleke kwa daktari wa mifugo saa hiyohiyo, hata iwe usiku. Usimbinye tumbo, kibofu kinaweza kupasuka.

Ukishajua kwamba mkojo unatoka, ndipo ufikirie choo.

"Mmiminie mafuta ya alizeti." Huku kwetu na Singida mafuta hayo hayakosekani jikoni, ndiyo maana huu ushauri huja wa kwanza. Paka anayemiminiwa mafuta kwa nguvu hupaliwa, mafuta yakaingia kwenye mapafu na kuleta nimonia. Hata yakifika tumboni salama, sehemu kubwa humeng'enywa kama chakula kabla ya kufika utumbo mpana ambako choo kimekwama. Mafuta ya parafini, yale ya kulainisha choo, ni hatari zaidi, kwa sababu hayana ladha na paka huyavuta kwenye njia ya hewa bila hata kukohoa.

"Mpe mlenda, mwanangu, unateleza," aliniambia mama mmoja mtu mzima, tena kwa huruma kabisa. Mlenda naupenda, lakini tunaupika kwa chumvi na magadi, na paka ni mla nyama. Utelezi tunaouona kwenye bakuli haufiki ulivyo hadi mwisho wa utumbo wake. Boga lililochemshwa bila chumvi, kijiko kidogo cha chai ndani ya chakula, huwasaidia baadhi ya paka. Ila paka aliyekaukiwa maji usimwongezee nyuzinyuzi kama hizo za boga, maana hapo unakuza tu kile kilichokwama.

Maziwa nayo si dawa. Paka wengi wakubwa hawawezi kumeng'enya sukari iliyomo, na wataharisha bila tatizo kuisha.

Kipande cha sabuni kama wanachowekewa watoto? Hapana, huunguza utumbo. Dawa za watu za kuingiza njia ya haja kubwa zenye fosfeti zinaweza kumuua paka. Na kwa kuwa anaonekana ana maumivu, mtu atafikiria panadoli: kidonge kimoja kinatosha kumuua, kwa sababu ini lake haliwezi kuivunja dawa hiyo.

Kuna kauli nyingine iliyo nusu kweli: "Paka hanywi maji, ndivyo alivyoumbwa." Asili yake ni paka pori wa nchi kavu, aliyepata maji mengi kutoka kwenye nyama ya mawindo, ndiyo maana kiu yake ni ndogo. Lakini sisi tunampa dagaa wakavu na ugali, katika mji ambao kuanzia Mei hadi Novemba hauoni mvua ya maana. Paka wa kilo 4 anahitaji karibu mililita 200 za maji kwa siku, chakula na kinywaji kwa pamoja. Akikosa, utumbo mpana hunyonya maji kutoka kwenye choo hadi kinakuwa jiwe. Siku hizi dagaa nawaosha kuondoa mchanga na chumvi, nawachemsha, na supu yao namwagia juu ya chakula. Mabakuli ya maji ni matatu, yote mapana, mbali na chakula na mbali na mchanga wake wa kujisaidia.

Kuhusu kusubiri "atapata mwenyewe": paka mzima kwa kawaida hupata choo karibu kila siku. Zikipita siku mbili mpigie daktari. Akitapika au kugoma kula, usingoje hata hizo mbili. Utumbo uliotanuka muda mrefu unaweza kupoteza kabisa nguvu ya kusukuma. Hatari ni kubwa zaidi kwa paka aliyewahi kugongwa na bodaboda akavunjika nyonga, kwa sababu njia yenyewe imebanwa.

Wa kwangu daktari alimpapasa taratibu, akaniongoza kidole nami nikahisi: vipande vigumu vimejipanga tumboni kama shanga. Akaniuliza amekula nini. Nikakumbuka mifupa ya kuku wa sherehe ya jirani, ambayo nilimwacha aitafune jioni nzima. Alimwekea maji chini ya ngozi, akamtoa choo akiwa amelazwa kwa dawa, akanipa sharubati ya laktulosi ya kulainisha choo na kunipimia kiasi kwenye bomba la sindano, kulingana na uzito wake. Asubuhi ya siku ya pili alitoka uani, akachimba, akachuchumaa kimya, akafukia, akarudi ndani kudai dagaa.