Usimbaji wa mwisho hadi mwisho ni nini?

Ukituma bahasha kwa matatu kutoka Kisumu kwenda Busia, kondakta ataona jina lako, jina la mpokeaji na saa uliyoifikisha steji. Kama haikubandikwa gundi, anaweza kuchungulia na ndani. Usimbaji wa mwisho hadi mwisho ndiyo gundi ya meseji. Ujumbe hufungwa ndani ya simu yako na kufunguliwa ndani ya simu ya mwenzako tu. Anayeubeba njiani, hata kampuni yenye programu, hana ufunguo.

SMS ya kawaida haina gundi hiyo. WhatsApp ilikamilisha kuiweka Aprili 2016, ikitumia mfumo uliobuniwa na watu wa Signal, programu nyingine ya meseji. Inayowachanganya wengi ni Telegram. Husifiwa kwa usiri, lakini makundi yake yote na mazungumzo ya kawaida huhifadhiwa kwenye seva, yaani kompyuta kubwa, za kampuni, na kampuni inazo funguo. Yanayofungwa kikamilifu ni mazungumzo ya siri ya watu wawili, tena mpaka uyaanzishe mwenyewe. Kwa mambo ya pesa za chama, mimi singeliweka kundi huko.

Bahasha iliyofungwa bado ina jina juu. WhatsApp haisomi ulichoandika, ila inaweza kujua umemwandikia nani na lini. Signal huweka kidogo mno: siku uliyojiunga na siku ya mwisho uliyoingia, basi. Tena kuna nakala ya akiba ya meseji za WhatsApp, ile inayopelekwa Google Drive usiku umelala. Hiyo haifungwi mwisho hadi mwisho mpaka uiwashie usimbaji wake, jambo lililowezekana kuanzia 2021. Watu wengi hawajawahi kuugusa mpangilio huo.

Na gundi haimzuii mtu aliyekwisha kuingia nyumbani. Mweka hazina wa chama chetu, mama anayeuza mitumba Kibuye, alipigiwa simu akiwa katikati ya wateja: "Mama, kuna namba imekuja kwako kwa makosa, nisomee tafadhali." Akasoma tarakimu zote sita, kumbe ndiyo namba ya kuingilia akaunti yake ya WhatsApp kwenye simu nyingine. Kabla hajamaliza kukunja suruali aliyokuwa ameishika, wanachama walikuwa wanapokea maombi ya mkopo wa dharura kwa jina lake na picha yake. Usimbaji ulikuwa mzima kabisa. Mlango ulifunguliwa kwa ile namba.

Alipoirudisha akaunti, tuliketi naye kibandani, tukafungua mipangilio ya WhatsApp, tukaingia kwenye akaunti, tukawasha uthibitishaji wa hatua mbili, yaani PIN inayoulizwa juu ya ile namba. Akaweka PIN ya tarakimu sita anayoijua peke yake, mimi nikatazama pembeni. Kundi la chama limebaki WhatsApp kwa sababu kila mwanachama anayo. Mambo yangu ya hospitali, mimi na dada yangu tunayaongelea Signal.