Bima ndogo haitengenezi pikipiki yako, jamani

Kaja mwingine leo. Mkono uko kwenye hogo, pikipiki kaipakia kwenye guta, shokapu za mbele zimerudi nyuma mpaka tairi linagusa injini, ananionyesha kwenye simu bima yake iko hai kabisa, halafu: "Anko, hela ya matengenezo inatoka lini?" Haitoki anko. Mimi ni wakala wa bima tu, naandika hapa ili mwingine akija nimtumie linki, mdomo upumzike.

Bima ndogo, hii trafiki anayokuulizia pale Mangamba, inamlipa uliyemgonga. Umemgonga mama wa watu anavuka Mikindani, matibabu yake yanaingia humo, ukuta wa mtu ukiubomoa nao unaingia. Wewe na chombo chako hamumo. Umeteleza mwenyewe kwenye mchanga huko Tandahimba na gunia la korosho nyuma, hakuna wa kumdai, labda uwe na bima kubwa, ile inayolipia na chombo chako.

Ila kuna upande ambao watu hawauoni kabisa na ndio unaonichosha: ukigongwa, bima yako ya kudai ni ya yule aliyekugonga. Kwa hiyo namba ya gari lake ni hela. Piga picha, ingia TIRA MIS, mfumo wa mtandaoni wa mamlaka ya bima, uandike namba ya usajili, utaona kampuni gani imemkatia na inaisha lini. Badala yake nyie mnafanya nini? Mnamalizana. Dereva wa lori anatoa noti mbili tatu, wazee wanasema yaishe, anaondoka zake kuelekea Mingoyo, wiki ya pili goti linavimba unakuja kwangu huna namba, huna trafiki, huna kitu. Na ukiwa wewe ndiye uliyegonga, kukiri na kuahidi malipo pale barabarani bila kampuni kujua ni kosa, karibu kila mkataba wa bima unakataza, umeandikwa kwa herufi ndogo ambazo hata mimi nazisoma kwa shida. Omba msamaha kama binadamu, msaidie aende hospitali, habari ya nani atalipa iache.

Makaratasi haraka haraka: ita trafiki, chukua PF3 (fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali), tunza risiti zote hata za dawa za duka la dawa, toa taarifa kwenye kampuni mapema, na usiipeleke pikipiki kwa fundi kabla haijakaguliwa. Kesi ya trafiki nayo fuatilia, maana kampuni nyingi zitataka kujua iliishaje.

Jingine linaloua madai ni matumizi. Mtu anakata bima ya binafsi kwa sababu ni nafuu, kesho yuko kijiweni anapakia abiria. Siku abiria kavunjika mguu kampuni inafungua karatasi inasoma "binafsi", basi. Hapo sina cha kukutetea, ulitaja mwenyewe.

Ukiwa unauguza mfupa usisaini hati ya kumaliza madai ati kwa sababu hela imefika. Ukishasaini umemaliza, na mguu ukihitaji upasuaji mwingine unajilipia. Subiri ripoti ya mwisho ya daktari, iwe hospitali ya Ligula, iwe Ndanda. Najua kusubiri kunauma, watoto wanakula kila siku, na vijana wengine nawaona wanasaini na siwezi kuwalaumu. Kampuni ikikuzungusha au ikikupunja, kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, mpelekee.

Je, ukate bima kubwa? Wakala mwenzangu atakwambia ndiyo bila kupepesa. Mimi kwa pikipiki mpya ya mkopo nasema kata. Kwa Boxer iliyokwishachoka, sina uhakika kama inalipa, maana utalipwa thamani yake ya siku ile ya ajali, siyo bei uliyonunulia, na kuna kiasi unakatwa kwanza. Piga hesabu mwenyewe, mimi kamisheni yangu iko upande mmoja.

Sasa ya kununua nyingine. Boxer au TVS muulize fundi wako, cha msingi spea zipatikane mpaka Newala. Mimi naangalia kadi. Ukinunua ya mkononi linganisha namba ya chesisi na kadi, angalia kama inadaiwa faini za trafiki, halafu mwende TRA mkabadilishe umiliki kabla hujakata bima. Msimu wa korosho ukiisha pikipiki zinabadilisha mikono hovyo, kadi inabaki na jina la mtu alishahamia Dar, na siku ya madai kampuni inamtafuta yeye, wewe hawakujui. Nyie mnaoendesha pikipiki ya bosi kwa mkataba ndio kabisa, mnamlipa kila wiki na bima ina jina lake, kwa hiyo pikipiki ikifa hela ya bima kubwa inakwenda kwake na wewe bado anakudai. Hilo muulize kabla hujapewa funguo, na majibu yake yaandikwe kwenye mkataba.