Likizo za shule Ujerumani: kabla ya kukata tiketi, jua jimbo

Familia nyingi za huku Mtwara zinazojiandaa kuhamia Ujerumani huniuliza kwanza habari za viza, vyeti na lugha. Habari za shule kufunga huja mwisho, mtu akiwa ameshanyanyuka na bahasha yake mkononi: "Halafu watoto kule wanafunga lini, ili tumwambie bibi?" Naomba swali hilo lipande juu ya orodha. Ninaowaandaa wengi wao ni wauguzi wanaofuata ajira hospitalini na kwenye nyumba za wazee, na nimeona kalenda ya shule ikiwahangaisha kuliko baridi.

Ujerumani haina tarehe moja ya kufunga shule. Sisi tumezoea wizara itoe kalenda, na mtoto wa Tandahimba na wa Bukoba wafunge siku moja. Kule kuna majimbo 16, na elimu ni mamlaka ya jimbo. Likizo ya kiangazi, ambayo ni ya wiki sita hivi, ndiyo mawaziri wa elimu wa majimbo hukaa na kuipanga kwa pamoja, ili nchi nzima isimiminike barabarani wiki moja. Majimbo mengi hupokezana: mwaka huu mapema, mwaka mwingine baadaye. Bavaria na Baden-Württemberg hazimo katika kupokezana huko. Zenyewe hufunga mwisho kila mwaka, kwa kuwa zina likizo ya wiki mbili wakati wa Pentekoste na zinahitaji muda wa kusomesha kabla ya kufunga tena.

Chukua mwaka 2026. Hessen, ulipo mji wa Frankfurt, likizo ya kiangazi ni kuanzia 29 Juni hadi 7 Agosti. Nordrhein-Westfalen, penye Köln na Dortmund, ni 20 Julai hadi 1 Septemba. Bavaria ni 3 Agosti hadi 14 Septemba. Sasa weka Hessen na Bavaria pamoja. Dada yuko Frankfurt, mdogo wake yuko München, wote wana watoto wa shule. Wiki ambayo watoto wao wote wako huru ni moja tu, ile ya kwanza ya Agosti. Wakipanga kuja Newala pamoja kwa wiki tatu ili mama yao awaone wote kwa mpigo, mwaka huo haiwezekani, na hakuna mwalimu mkuu atakayewasaidia. Nimewahi kukaa na ndugu wa namna hiyo, kalenda mbili mezani, kila mmoja akipaka tarehe za kwake kwa kalamu ya rangi yake. Walipoona rangi zinakutana wapi, kimya kilikuwa kirefu. Mwishowe walichagua Desemba.

Na mimi huwaelekeza wengi huko huko Desemba. Shule zetu hufunga katikati ya mwaka kuanzia mapema Juni hadi mapema Julai. Jimbo la Ujerumani linalowahi sana kufunga huanza karibu na mwisho wa Juni, kwa hiyo mtoto wa Hessen hata mwaka 2026 atawakuta binamu zake siku chache tu kabla hawajarudi darasani. Mtoto wa Bavaria, kwa likizo ya kiangazi, hawakuti kabisa. Lakini likizo ya Krismasi ya majimbo yote 16, ya wiki mbili hivi, inaangukia ndani ya likizo yetu ndefu ya mwisho wa mwaka. Binamu wako nyumbani, embe zimeiva, minada ya korosho imeanza tangu Oktoba na nyumba nyingi zina fedha, harusi ni nyingi. Tiketi za ndege ni ghali, hilo sikufichi, na mvua zimeanza. Ila ukiniuliza mtoto aliyezaliwa hospitali ya Ligula, Mtwara, na sasa anasoma Nürnberg anahitaji nini zaidi, nitasema anahitaji kulala chumba kimoja na binamu zake na kurudi akiwa na lugha mdomoni. Kwa wiki mbili za Desemba anaipata.

Wazee wana hoja yao pia, na naiheshimu. Jando na unyago kwetu huchezwa sana likizo ya Juni, sehemu nyingine Desemba. Babu anayemsubiri mjukuu wake wa kiume Juni aambiwe mapema, mwaka mzima kabla, kwamba sehemu kubwa ya Juni mtoto yuko darasani na kutoka haruhusiwi. Akiambiwa mapema, wazee wanapanga. Akiambiwa Mei, ni ugomvi.

Agosti nayo ina uzuri wake kwa walioko Bavaria. Kusi linavuma, hewa ni baridi kidogo, barabara ni kavu, na Nane Nane mnaikuta viwanja vya Ngongo, Lindi. (Wanaoishi Augsburg watafurahi kujua kwamba tarehe 8 Agosti ni sikukuu ya mji wao pia, ya amani, na haiadhimishwi mji mwingine wowote Ujerumani.) Binamu watakuwa shuleni mchana, lakini jioni na mwisho wa wiki wapo, na bibi anawapata wajukuu bila kugawana. Pasaka ndiyo ninayoikataa. Machi na Aprili ni masika, na mwaka 2024 hata mapema Mei Kimbunga Hidaya kilikata barabara ya Dar es Salaam maeneo ya Somanga, abiria wakakwama. Likizo fupi usiichezee kwenye barabara hiyo wakati wa mvua.

Sasa hesabu ngumu, ile ya likizo ambazo hamji nyumbani. Ukijumlisha likizo zote za mwaka, mtoto wa Ujerumani hukaa nje ya darasa wiki kumi na mbili na zaidi. Sheria inampa mfanyakazi wa siku tano kwa wiki likizo isiyopungua siku 20, yaani wiki nne; waajiri wengi hutoa karibu 30. Baba na mama wenye siku 20 kila mmoja, hata wakigawana zamu bila kukaa pamoja siku moja, bado kuna wiki zinabaki. Huku hatuzioni wiki hizo, kwa sababu shule ikifunga mtoto anapelekwa Masasi kwa bibi, au anabaki na dada wa nyumba, au jirani anamtupia jicho. Kule jirani hana desturi hiyo, na bibi yuko umbali wa ndege mbili.

Kwa hiyo fanya mambo haya mapema. Hospitali nyingi hupanga likizo za mwaka ujao za wafanyakazi kuanzia vuli ya mwaka huu. Usisubiri kuulizwa, mwambie msimamizi wako wa wodi kwamba una watoto wa shule na umpe tarehe za jimbo lako. Sheria inamtaka mwajiri azingatie ombi lako na hali ya kifamilia ya wafanyakazi anapochagua nani atoke lini, na mwenye watoto wa shule ana hoja nzito wakati wa kiangazi. Halafu uliza manispaa kuhusu malezi ya watoto wakati wa likizo. Nafasi hujaa miezi kabla, wala si wiki. Kuanzia Agosti 2026 kila mtoto anayeingia darasa la kwanza ana haki kisheria ya nafasi ya malezi ya kutwa, likizo ikiwemo, na haki hiyo itapanda darasa moja kila mwaka hadi la nne. Hata hivyo jimbo linaruhusiwa kuweka hadi wiki nne za kufunga ndani ya likizo, na hizo ni zenu wazazi.

Jihadhari na siku mojamoja, maana ndizo hukamata wageni. Bavaria ina Jumatano moja ya Novemba, kabla ya tarehe 23, ambayo wanafunzi hawaendi shule lakini wazazi wanakwenda kazini kama kawaida. Shule za Nordrhein-Westfalen zina siku chache za kujichagulia. Upande wa Köln kwa kawaida huziweka kwenye sherehe za Kanivali. Shule ya chekechea ina siku zake za kufunga, tofauti kabisa na za shule ya kaka yake. Ukiwa na watoto wawili, omba karatasi mbili.

Suala la kumtoa mtoto siku mbili kabla ili upate tiketi ya bei nafuu, naomba ulisahau. Kuhudhuria shule ni lazima kisheria, na faini zipo kweli. Mwaka 2018 polisi wa Bavaria walikagua familia kwenye uwanja wa ndege wa Memmingen kabla ya likizo ya Pentekoste na kuwaripoti waliokuwa wanasafiri na watoto wa shule. Ukisema mtoto anaumwa karibu na likizo, shule inaweza kudai cheti cha daktari.

Msiba ni jambo lingine. Akifariki babu Nachingwea katikati ya muhula, mwandikie mwalimu mkuu siku hiyo hiyo, ueleze uhusiano wa marehemu na mtoto, tarehe ya kuondoka na tarehe ya kurudi, kisha usubiri jibu la maandishi. Kwa msiba wa karibu ruhusa kwa kawaida hutolewa, ila si kwa siku arobaini. Omba za maziko na safari. Arobaini itasomwa na walioko nyumbani, na nyie mtashiriki kwa simu.