Tope la chini ya bahari lina umri gani?

Maabara ya kaboni 14, aina ya kaboni inayopungua kadiri miaka inavyopita, hujibu kwa namba mbili: umri na kosa lake. Tuseme miaka 8,200, kujumlisha au kutoa 40. Wengi huona ile 40 wakatulia. Kwa tope lililotolewa chini ya bahari kwa bomba, 40 hiyo ni sifa ya mashine tu. Haikuambii lolote kuhusu kilichotiwa ndani ya mashine.

Kaboni 14 huzaliwa juu angani, na kila miaka 5,730 nusu yake huwa imeshapotea. Mti huivuta moja kwa moja kutoka hewani. Kiumbe wa baharini huipata kwenye maji, na maji yaliyozama huweza kukaa karne nyingi bila kukutana na hewa. Ndiyo maana kombe aliyevuliwa hai mwaka 1900 akipimwa huonekana mzee wa miaka 400 hivi. Karibu na Antaktika uzee huo wa kurithi hupita 1,000. Makombe ya makumbusho yenye tarehe ya kuvuliwa, ya kabla ya majaribio ya mabomu ya nyuklia kuichafua hewa, kwetu ni hazina: hutuonyesha uzee huo wa kurithi ni miaka mingapi.

Ingekuwa rahisi kama tungetoa 400 tukamaliza. Lakini miaka 12,100 hivi iliyopita volkano ya Katla, Iceland, ilimwaga majivu yaliyotua kwenye maziwa ya Norwei na kwenye sakafu ya Atlantiki Kaskazini. Majivu ni yaleyale, siku ni zilezile. Mabaki ya mimea ya nchi kavu yaliyozama ziwani yalipolinganishwa na foraminifera, vijidudu vya baharini vyenye magamba ya chokaa, tofauti ilikuwa miaka 700 hadi 800. Bahari yenyewe ilikuwa imebadili mzunguko wake.

Kisha kuna minyoo, jamaa wa wale wanaochimbuliwa kwa chambo maji yakitoka. Kwenye kina kirefu, sentimita 2 za tope huweza kuchukua miaka 1,000 kujengeka, na wachimbaji hao huvuruga sentimita 10 za juu. Piga hesabu: kijiko kimoja, miaka 5,000.

Kesi inayonisumbua zaidi ni Bahari ya Ross, Antaktika. Magamba ya chokaa huko ni adimu, hivyo hupimwa kaboni yote ya mabaki ya viumbe iliyomo topeni, ikiwemo ya kale sana iliyokwanguliwa na barafu kutoka miambani. Tope la juu kabisa, la juzi tu, hutoa umri wa maelfu ya miaka. Baadhi ya watafiti huupunguza umri huo kwenye tarehe za tabaka zote za chini, kana kwamba barafu ilikwangua kwa kiasi kilekile enzi zote. Barafu ilipokuwa imesogea karibu, mchanganyiko huo haukuwa huu wa leo. Nikipewa tarehe ya namna hiyo, huuliza kwanza kama hata miligramu chache za foraminifera zilitafutwa.