Je, wajua? Walioangalizia huumbuliwa na majibu waliyokosa

Darasa la saba, mimi na mwenzangu wa dawati tulikuwa na mbinu tuliyoiona ya kijasusi. Yeye mkali wa Hisabati, mimi wa Kiswahili; tunaangalizia, kisha tunakubaliana kukosa swali la 17 na la 32, wote tuweke B, ili msahihishaji asishtuke kuona tumepata sawasawa.

Kumbe tulikuwa tunajichongea wenyewe. Kwa miaka niliamini kinachowakamatisha watu ni kupata sawa, na nimewasikia wazazi wakilalamika hivyohivyo: "Mtoto kafaulu, wanasema kaiba!" Lakini kufaulu kwa kufanana hakusemi lolote. Jibu sahihi ni moja, na kila aliyesoma atafika hapohapo. Waelekeze watu wawili nyumbani kwa mjumbe. Wakifika wote, nani atashangaa? Lakini wakipotea wote, wakaibukia nyuma ya banda lilelile la kuku, huku kila mmoja anaapa alitembea peke yake, hapo pana maswali.

Tuchukue swali la kuchagua, A hadi D. Sahihi moja, potofu tatu. Wawili wakikosa kwa kubahatisha, kila mtu kivyake, uwezekano wa kuangukia herufi moja ni 1 kati ya 3. Si ajabu hata kidogo. Maswali mawili, 1 kati ya 9. Yakifika kumi, ni 1 kati ya 59,049, na bado hakuna msimamizi aliyeona shingo ikigeuka.

Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, huita hali hii mfanano usio wa kawaida wa majibu. Katika mtihani wa darasa la saba wa 2011, watahiniwa 9,736 walifutiwa matokeo kwa udanganyifu wa aina mbalimbali.

Hesabu yangu, hata hivyo, ni nyepesi mno. Majibu potofu hayavutii sawa. Uliza 3 + 4 × 2, na mtunzi atakuwa ameshatega 14 mahali fulani. Nusu ya darasa itairukia bila kuangalizia kwa yeyote. Mwalimu akifundisha vibaya, darasa zima litakosa kwa namna moja, na kwenye karatasi litafanana na genge la wezi. Kwa hiyo kosa lenye uzito ni lile la ajabu, ambalo wengine hawakulifanya.

Ninachokipenda zaidi ni kisa cha Chicago. Wachumi Brian Jacob na Steven Levitt walipekua majibu ya shule za msingi za umma, wakakuta madarasa ambamo wanafunzi wengi wana mfululizo uleule wa majibu, herufi kwa herufi, hata kwenye maswali magumu yaliyowazidi kimo. Waliokuwa wanachezea karatasi ni walimu au viongozi wa shule. Makadirio yao ni kwamba hali hiyo ilitokea katika angalau asilimia 4 hadi 5 ya madarasa kila mwaka. Alama zile ndizo zilizoamua hatima ya shule.

Kwetu, tangu Januari 2023 NECTA imeacha kutangaza shule kumi bora. Mwalimu mkuu mmoja ninayemfahamu bado anabandika nafasi ya shule yake kiwilaya mlangoni mwa ofisi, kwa wino mwekundu.